Kiti Kilichobaki Wazi



Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, nami nilikuwa ndani ya basi litokalo Kahama kwenda Geita kwa njia ya Kakola. Ye yote aliyepata kusafiri njia hiyo anajua jinsi mabasi yanavyojaa mwisho wa mwaka. Magunia ya mchele yalikuwa yamelundikwa katikati, vijana wanaorejea machimboni wamesimama wakiwa wameshikilia vyuma vya juu, na kina mama wamepakata watoto wawili wawili. Hata hivyo, katika msongamano wote huo, kiti kimoja kilibaki wazi.

Kilikuwa katika safu ya viti vitatu. Dirishani aliketi mama mmoja wa makamo, na ubavuni pake mtoto wa kiume wa miaka kama tisa, aliyevaa kofia pana na shati la mikono mirefu ijapokuwa joto lilikuwa kali. Mtoto huyo alikuwa na ualbino. Utingo alitangaza mara mbili kwamba nafasi ipo, na mara mbili watu wakajifanya hawakusikia. Ndipo kijana mmoja akasema kwa mzaha, "Kaeni na hilo dili, mtashuka matajiri!" Baadhi ya abiria wakaangua kicheko. Mama yule hakusema kitu. Aliishusha kofia ya mwanawe ikafunika macho, kisha akamkumbatia.

Mimi sikucheka. Lakini yanipasa nikiri mbele yako, ndugu msomaji, kwamba sikusema neno pia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kiti kile, miguu ikiniuma, na bado sikukaa.

Aliyekaa ni mzee mmoja aliyetoka nyuma kabisa, akijikongoja kwa fimbo yake juu ya magunia.

"Shikamoo, mzee," mama akasema.

"Marahaba, mayu. Nipishe kidogo nikae na mjukuu wangu."

Alipokwisha kuketi alimgeukia yule kijana, akamwambia bila ya kupandisha sauti, "Mwanangu, dili ni pamba na ng'ombe. Huyu ni mtu, kama wewe na mimi." Kicheko kikakatika. Kisha akamwuliza mtoto yuko darasa la ngapi.

"La tatu."

"Na ubaoni unaona?"

"Mwalimu amenikalisha mbele, babu."

Wakaendelea kuzungumza hivyo, na tulipofika Kakola mtoto alikuwa ameinua kofia yake anatazama ng'ombe waliokuwa wakivushwa barabara. Leo nataka tuzungumze juu ya kiti kile, na juu yetu sisi tuliokikwepa.

Neno "dili" lililotamkwa ndani ya basi lile si mzaha mdogo. Tangu mwaka 2006 hivi, na hasa mwaka 2007 na 2008, watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa walianza kuwindwa kama wanyama wa porini. Walivamiwa usiku majumbani mwao, wakakatwa viungo, wengine wakafa na wengine wakabaki vilema wa maisha. Hata makaburi hayakusalimika, ikawa jamaa wa marehemu wanawazika wapendwa wao ndani ya nyumba au kuyafunika makaburi kwa saruji nzito ili wasifukuliwe. Umoja wa Mataifa ulipotoa hesabu yake mwaka 2015, zaidi ya watu 70 walikuwa wameuawa hapa Tanzania tangu mwaka 2000. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema aliwaendea waganga akijifanya mteja, akafichua jinsi viungo vya binadamu vilivyokuwa vikitafutiwa wanunuzi. Kwa kazi hiyo alitishiwa maisha hata akalazimika kujificha.

Kwa nini jambo hili lishike mizizi katika nchi ya dhahabu? Mwaka 2010 watafiti watatu, Deborah Bryceson, Jesper Jønsson na Richard Sherrington, walichapisha utafiti juu ya wachimbaji wadogo na imani hizo. Mtu aliyeishi karibu na machimbo hatashangaa kwamba ushirikina ulipata soko huko. Mchimbaji mdogo huteremka katika duara kwa kamba, mshumaa au kurunzi mkononi, akiwa na deni la chakula, la magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na la karasha la kusagia mawe. Anaweza kuchimba miezi sita asipate hata gramu moja, huku jirani yake aliyeanza jana akiuza na kununua pikipiki. Hakuna mwalimu aliyemweleza kwa nini. Katika pengo hilo huingia mpiga ramli. Mpiga ramli hauzi dawa, ndugu msomaji. Huuza uhakika kwa mtu asiye na uhakika wa cho chote. Akimwambia kwamba mfupa wa binadamu fulani utaita dhahabu, mtu aliyekata tamaa husikia jibu mahali ambapo pengine hapana jibu.

Lakini mwamba wa dhahabu hausikii mfupa. Dhahabu ya Geita na Kahama ililala ndani ya miamba yake zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, kabla ya kuwapo mganga wala mteja wake. Watu wameitoa Geita tangu miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa leo ulifunguliwa mwaka 2000. Migodi hiyo hutegemea wataalamu wa miamba, mitambo na vipimo vya maabara. Kama mfupa ungekuwa na nguvu hiyo, wapiga ramli wenyewe wangekuwa matajiri wa kwanza wa nchi hii. Aghalabu huwakuta katika vibanda vya nyasi, wakingoja fedha za maskini wenzao. Na haki itendeke kwa wachimbaji pia: wengi wao ni watu wanaokula jasho lao, na lawama za wauaji hazipaswi kubebeshwa kila mwenye sururu.

Sasa tujiulize ualbino ni kitu gani, kwani ujinga ndio shamba ambamo ubaguzi hupandwa. Rangi ya ngozi, nywele na macho yetu hutokana na kemikali iitwayo melanini. Mtu mwenye ualbino huzaliwa mwili wake ukiwa hautengenezi kemikali hiyo ya kutosha. Hali hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe wanaweza kuwa weusi kama mkaa na wasijue kwamba wanaibeba. Wazazi wawili wa namna hiyo wanapokutana, katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kwa nne mtoto kuzaliwa na ualbino. Hapa Tanzania hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watu 1,400 hivi huzaliwa hivyo, ilhali Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000.

Basi mume anayemfukuza mkewe kwa sababu amejifungua mtoto mwenye ualbino, akidai amezaa na Mzungu au ameingiliwa na jini, anajihukumu mwenyewe. Nusu ya urithi ule umetoka kwake. Na ni kina mama wangapi wamelea watoto hao peke yao, wakikimbia kutoka kijiji hadi kijiji, huku mwenye nusu ya wajibu akioa kwingine!

Adui wa kila siku wa mtu mwenye ualbino ni jua. Ngozi isiyo na kinga huungua, hutoka vidonda, na visipotibiwa mapema huwa saratani. Macho yake pia hayaoni mbali na huumizwa na mwanga mkali. Akili yake haina kasoro yo yote. Mtoto anayeshindwa kusoma ubaoni akiwa nyuma ya darasa, kisha akaitwa mjinga, hakushindwa na masomo. Ameshindwa na urefu wa darasa. Kumsogeza dawati la mbele hakuhitaji bajeti wala kibali cha wizara.

Ipo pia imani ya zamani ambayo wengi wetu tulielezwa utotoni kwamba watu hawa hawafi, bali hutoweka. Tuliisikia kama hadithi ya jioni, tukaipokea bila ya kuihoji. Tazama ilikotufikisha. Mtu asiyekufa hana kaburi, na asiye na kaburi hana anayemlilia. Yeye si binadamu kamili, na anayemwua hahesabiwi kuwa mwuaji. Kadhalika lile neno "zeruzeru", ambalo bado linatajwa mitaani pasipo aibu, lilimwondoa mtu katika ubini-Adamu kabla panga halijainuliwa. Kwanza tulimnyang'anya jina, kisha tukamnyang'anya kiti, na wengine wakaona wepesi kumnyang'anya mkono.

Mikoa hii imepita njia hiyo hapo kabla. Kwa miaka mingi Usukumani vikongwe, hasa wanawake, wameuawa kwa madai ya uchawi, na ushahidi uliotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Lakini macho hayo yana sababu yake. Tangu enzi za mkoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, mpaka kuni zikawa adimu. Bibi aliyepikia familia yake miaka hamsini kwa samadi kavu na mabua ya pamba, ndani ya jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho ya rangi gani? Alitupikia sisi, na moshi wa chakula chetu tukaugeuza kuwa hati ya mashitaka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia wananchi kurejesha ngitili zao na miti. Wengi huusifu kwa mvua na malisho. Mimi nausifu pia kwa ajili ya macho ya mabibi zetu.

Katikati ya miaka ya 1970, mauaji yalipozidi Mwanza na Shinyanga, serikali iliendesha msako mkali. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa, na wengine wakafia mikononi mwa watu waliopewa dhamana ya kulinda sheria. Mwezi wa Januari 1977 viongozi wanne waliachia madaraka: mawaziri Ali Hassan Mwinyi na Peter Siyovelwa, pamoja na wakuu wa mikoa Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Hapana aliyedai kwamba Mzee Mwinyi, ambaye baadaye mwaka 1985 alikuja kuwa Rais, alimgusa mfungwa ye yote kwa mkono wake. Alijiuzulu kwa sababu jambo lilitendeka katika eneo la dhamana yake. Nimelikumbuka sana tukio hilo tangu siku ya basi. Kama waziri aliweza kusema "hili limo katika dhamana yangu", mimi niliyekuwa hatua mbili kutoka kiti kile nilikuwa na udhuru gani?

Haisemwi kwamba hakuna lililofanyika. Chama cha watu wenye ualbino kiliundwa nchini tangu mwaka 1978, kabla ya nchi nyingi kulifikiria jambo hilo. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa Mbunge, na mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kwa kura zao, wote wawili wakiwa watu wenye ualbino. Mwishoni mwa mwaka 2015 mwanasheria Abdallah Possi akawa Naibu Waziri. Mwezi wa Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwatia hatiani na kuwahukumu watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina yake. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Hospitali ya KCMC ya Moshi ikaanza kutengeneza mafuta ya kukinga ngozi hapa hapa nchini, na tarehe 13 Juni ya kila mwaka ikawa siku ya dunia nzima ya kukuza uelewa juu ya ualbino.

Hata hivyo sheria na siku ya maadhimisho havilali kijijini usiku. Mwezi wa Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja alinyang'anywa mikononi mwa mama yake wilayani Chato, katika mkoa wa Geita, na mama akajeruhiwa vibaya akimtetea. Mtoto alikutwa ameuawa. Mwishoni mwa Mei 2024 mtoto mwingine, wa miaka miwili na nusu, alinyakuliwa wilayani Muleba, mkoani Kagera, naye hakupatikana hai. Na tarehe 5 Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitamka kwamba nchi yetu ilikiuka haki za watu wenye ualbino, ikiwamo haki ya kuishi. Hukumu hiyo imeandikiwa serikali, lakini kila kaya ingefaa kuisoma kana kwamba imeletwa kwa jina lake. Muuaji hawezi kujua nyumba ipi ina mtoto, mlango upi ni dhaifu, na baba amesafiri siku gani, isipokuwa awepo mtu wa karibu wa kumweleza.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa la leo. Hofu ilipozidi, serikali iliwakusanya watoto katika shule na vituo vyenye ulinzi: Buhangija katika Manispaa ya Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi, Kabanga kule Kasulu. Buhangija, shule iliyozoea kuwahudumia watoto wasioona na viziwi, ilipokea mamia ya watoto waliokimbia panga. Wapo walezi huko waliogeuka kuwa mama wa watoto ambao hawakuwazaa, nao wanastahili heshima yetu. Kwa wakati ule pengine hapakuwa na njia nyingine ya kuokoa uhai.

Lakini ukuta una pande mbili. Humzuia mwuaji asiingie, na humzuia mtoto asitoke. Wapo watoto walioletwa wakiwa wadogo hata wakasahau lugha ya nyumbani na sura za wazazi wao. Wapo wazazi waliomleta mtoto wasirudi tena, wakaona mzigo umepata mbebaji. Ikponwosa Ero, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa aliyezaliwa Nigeria na ambaye mwenyewe ana ualbino, alifika nchini mwaka 2017. Aliona kwamba mashambulizi yamepungua, akakumbusha pia kwamba vituo vya namna hiyo haviwezi kuwa makazi ya kudumu. Sisi tulio nje tumeuona ukuta huo kama jibu, ilhali ni swali tuliloulizwa. Inakuwaje aliyetishwa ndiye anayefungiwa, na waliomtisha wanatembea sokoni?

Yule mtoto wa basi alikuwa akirudi nyumbani kwa likizo. Mama yake alithubutu. Alimvusha kutoka ndani ya ulinzi akamleta katikati yetu, na jambo la kwanza alilokutana nalo ni kiti kitupu na kicheko.

Tufanyeje basi? Kwanza, tuanze na ndimi zetu. Ndani ya nyumba yako maneno "zeruzeru" na "dili" yasitamkwe, wala kwa mzaha, na mtoto wako akiyaleta kutoka shuleni, mketishe umweleze. Pili, baba na mama waliojaliwa mtoto mwenye ualbino wasitengane kwa ajili yake. Wamnunulie kofia pana kabla ya viatu vya sikukuu, wamvishe mikono mirefu, na wamwahi daktari kila kidonda kisichopona. Tatu, mzazi mwenye mtoto shuleni aulize mkutanoni: je, mwenye uoni hafifu ameketi mbele? Nne, mwajiri aliye na kibarua mwenye ualbino ampe kazi ya kivulini, wala asimfukuze kwa kisingizio cha jua. Tano, balozi wa nyumba kumi na majirani waijue kila nyumba yenye mtoto huyo, si kwa kuinong'ona, bali kwa kuilinda. Na anayesikia mpiga ramli akitaja viungo vya mtu, au akimtaja bibi kizee kuwa mchawi, apeleke habari mahali panapohusika siku ile ile. Kunyamaza ni kumshikia mwuaji taa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya polisi na mahakama. Sawa, polisi na mahakama wafanye kazi yao. Lakini polisi hakai ndani ya kila basi. Kizazi kilichopita kilifundishwa, katika ahadi ya kwanza ya mwana-TANU, kuwahesabu binadamu wote kuwa ndugu. Undugu huo haukuwahi kusemwa kwamba unaishia pale ngozi inapobadilika rangi. Wahenga nao walituambia mapema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tuliuacha ufa, na ukuta wake tumekwisha kuujenga.

Niliposhuka Geita jioni ile, nilimsubiri mzee yule pale stendi nikamwamkia. Nilitaka kumshukuru, lakini maneno yakanipotea. Yeye aliniangalia, akatambua, nadhani, kwamba nilikuwa mmoja wa waliosimama. Akaniambia tu, "Safari ndefu, mwanangu. Siku nyingine ukae."

Nami nakuachia wewe neno hilo hilo, ndugu msomaji. Siku utakapokiona kiti kile, ndani ya basi, darasani, kanisani, msikitini au kwenye benchi la zahanati, usitazame dirishani. Ukae.